Maswali Yaliyochoka

Kwetu hata kuchinja jogoo wa Krismasi kulikuwa na mwenyekiti. Tuliishi upande wa mji mdogo wa Kwanza, nje ya Kitale, na tangu nipate akili sikuwahi kuona jambo la maana likifanywa na mtu mmoja. Harusi, kamati. Matanga, kamati. Ng'ombe wa jirani akivunja ua na kuingia kwenye mahindi, kamati tena, na maneno yote yanaandikwa kwenye daftari, na kikao kijacho yanasomwa mbele ya watu kabla ya kufungua mengine. Kwa hiyo nilipoanguka mtihani wa kuingia chuo cha ualimu, ile miaka ya themanini ikielekea ukingoni, sikupaswa kushangaa. Lakini nilishangaa, na nilikasirika pia, maana hasira zangu ziko karibu na ngozi, sifichi.

Chuo chenyewe kilikuwa upande wa Bungoma. Sitakitaja, waliokuwa huko wanajijua. Hakikutosheka na cheti chako cha kidato cha nne. Kilikuwa na mtihani wake chenyewe, unafanywa kila Januari, sehemu sita: Kiingereza, Hesabu, Sayansi, Jiografia, Kilimo na Maarifa ya Kawaida. Ukianguka, unaruhusiwa kurudia mara moja. Moja tu. Ukianguka tena usirudi kugonga lile lango, hata ukija na askofu.

Nilitaka kuwa mwalimu kuliko nilivyotaka kuolewa. Nilikuwa nimeshajifunza namna ya kushika chaki bila kuchafua rinda. Na kama singeingia, Baba alikuwa amekwisha kusema nitakwenda Tongaren kwa binamu yake mwenye kinu cha kusaga mahindi, nikae pale mlangoni nikipima madebe ya watu mpaka Yesu arudi. Nilikuwa nimekiona kile kinu. Ukitoka pale jioni hata kope zako ni nyeupe, na watu wamekupigia kelele kutwa nzima kwa sababu mashine haiwaachii nafasi ya kusema kwa adabu.

Barua ya kuanguka ilikuja Machi, pamoja na kikaratasi cha alama. Kiingereza nilikuwa nimepasua. Kilimo vizuri, Jiografia vizuri, Sayansi hivi hivi. Hesabu waliandika alama, halafu mtu akaizungushia duara la wino mwekundu, nadhani naye hakuamini macho yake.

Mtoto wa darasa la pili angejua la kufanya. Mama, ambaye hakukaa darasani hata siku moja, alijua. Alimsikiliza Baba akisoma kile kikaratasi, akafuta mikono kwenye leso, akauliza, "Si asome tu pale alipoanguka?"

Baba alikuwa anahesabu wanakamati kwa vidole.

Hata hivyo kamati haikukaa hadi Novemba, kwa kuwa hakuna kamati inayokaa watu wakipalilia. Miezi yote hiyo kitabu changu cha hesabu kilikuwa juu ya meza ya sebuleni. Nilikuwa nimekitumia kuinulia taa.

Kikao cha kwanza kilikuwa Jumapili baada ya kanisa. Baba alikuwa mwenyekiti, hilo halikupigiwa kura. Mjomba, kaka yake Mama, alitoka Sirisia kuja kuwa mtaalamu wetu wa elimu. Alikuwa amepiga kengele ya shule moja huko kwao kwa miaka mingi, na mtu aliyeamua watoto waingie lini na watoke lini, nani angempinga? Kukhu, mama yake Baba, alifungua kwa sala. Mama alifanywa mweka hazina wa kamati isiyokuwa na hazina. Uandishi alipewa Senge, dada yake Baba aliyewafuata wote kuzaliwa. Huyu alikuwa amemaliza kidato cha nne miaka mingi kabla yangu, akaolewa Webuye, ndoa ikamshinda, akarudi nyumbani na sanduku moja. Walimchagua kwa sababu ya mwandiko wake mzuri. Hakuna aliyemwuliza kitu kingine. Alikaa karibu na dirisha na daftari lake jipya, akapiga mstari wa pambizo, akangoja.

Mimi sikuwa mwanakamati. Mimi nilikuwa ajenda.

Saa nzima ya kwanza iliishia kwenye firigisi. Kwetu firigisi ya kuku ni ya mwenye mji, mtoto akiigusa atajuta. Lakini Mjomba alikuwa mgeni, tena shemeji, tena mtaalamu, na alikuwa akilitazama bakuli la kuku bila kupepesa macho. Baba akaikata katikati kwa kisu cha mkate. Senge aliliandika hilo pia, nililiona baadaye, "firigisi: pande mbili sawa."

Halafu Baba akasimama, akaibandua kalenda ukutani. Ilikuwa imeletwa na afisa wa kilimo, kijana aliyepita vijijini akiwafundisha watu kubadilisha mazao. Ilichorwa shamba lenye rangi nne: hapa mahindi, hapa maharagwe, hapa alizeti, hapa pamepumzishwa. Chini pameandikwa kwamba ardhi ikipandwa zao lilelile kila mwaka inachoka.

"Mtihani ni shamba," Baba akasema. Alikuwa amelifikiria jambo hili tangu palizi, ilionekana. "Swali likitoka mwaka huu, pale pamechoka. Mwaka ujao pale hapazai. Sasa huyu alikuwa anasoma bila mpango, anapanda tu popote. Asome pale ambapo hapajalimwa."

Kukawa kimya. Mimi nilidhani ni kimya cha watu wanaotafuta njia ya kumwambia mzee kwa upole kwamba amepotoka. Kumbe walikuwa wamependezwa.

"Hapo umesema, shemeji," Mjomba akasema. "Yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Mimi nimepiga kengele kwa hiyo shule mpaka mkono ikapinda, na sijawahi ona mwalimu anauliza swali moja mara mbili. Atauliza ya nini, na alishajibiwa?"

Mama akajaribu tena. "Mchagua jembe si mkulima."

"Hapa hatuchagui jembe, dada yangu. Tunachagua shamba."

Watu wakacheka, Mama akarudi jikoni. Mimi nikaambiwa nisimame niyataje maswali yote niliyoulizwa Januari, ili yajulikane na yaepukwe. Na hapo ndipo balaa ya kichwa changu. Kichwa changu kinashika maswali na kuachilia majibu. Niliyataja yote, sehemu kwa sehemu, kwa mpangilio wake, na Senge akayaandika. Tulipofika kwenye Hesabu, Baba akahesabu mistari kwenye daftari, akaguna. Hesabu ilikuwa na maswali thelathini, hakuna sehemu nyingine iliyofika hata ishirini.

"Hapa pamelimwa mpaka pamebaki mchanga mtupu," akasema. "Hesabu ipumzishwe. Yote."

Nitasema ukweli, kwa kuwa ndiyo kazi niliyojipa hapa. Nilijua huo ni upuzi. Nilikuwa na miaka ishirini, nilikuwa na kile kikaratasi chenye duara jekundu mfukoni mwa rinda, na nilijua. Lakini Hesabu ilikuwa inanitia kichefuchefu tangu darasa la tano, na hapa palikuwa na kamati nzima, yenye mwenyekiti na sala, inaniondolea mzigo. Nilijiona nimebarikiwa. Nikainamisha kichwa kama binti mtiifu, nikasema, "Kama kamati imeamua, basi." Nikaambiwa nitie sahihi mwisho wa kumbukumbu, nikatia, kwa mkato na mapambo.

Basi ikawa hivyo kila Jumapili, mara kumi. Kabla ya jambo lingine lolote, Senge alisoma maswali ya mwaka uliopita chini ya kichwa alichokiandika kwa herufi kubwa, MASWALI YALIYOCHOKA, na baada ya kila swali kamati nzima iliitikia.

"Taja mito miwili inayoingia Ziwa Viktoria."

"Limechoka!"

"Mkulima alinunua vifaranga mia mbili na arobaini. Robo yao wakafa kwa ugonjwa. Akauza thuluthi mbili ya waliobaki. Alibaki na vifaranga wangapi?"

"Limechoka!"

Isipokuwa Kukhu. Kukhu aliitikia mengine yote, lakini huyo mkulima alimkaa rohoni. Jumapili ya kwanza aliuliza, "Na alibaki na wangapi?" Baba akamwambia, "Swali limechoka, Mama." Jumapili ya pili akauliza tena. Jumapili ya nne akakataa kufunga kwa sala mpaka aambiwe. "Ati mtu amefiwa na kuku wake hivyo," akasema, "na nyinyi mnapiga tu kelele limechoka, limechoka. Hamna utu?" Mjomba akamweleza kwamba huyo si mtu wa kweli. Kukhu akamwuliza kama wale vifaranga nao walikuwa wa uongo, na ni kwa nini basi walikufa.

Nami nikasoma mashamba mapya. Nilisoma minyoo ya kondoo. Nilisoma namna samaki anavyopumua, reli za nchi ambazo hata kuzitamka sikuweza, na majina ya mawingu. Baba alikuwa akipita mlangoni anauliza, "Hapo palilimwa?" nami najibu, "Hapana, Baba, ni msitu mtupu," naye anakwenda zake ameridhika. Senge alibaki mezani baada ya vikao, ameinamia daftari, anaandika na kufuta, anaandika na kufuta. Nilidhani anasafisha mwandiko. Nilimwonea hata huruma, mtu mzima kupewa kazi ya kunakili upuzi wetu na kuichukulia kwa bidii hivyo.

Wiki ya mtihani Senge akaaga, akasema anakwenda Webuye kuchukua sufuria zake alizoacha kwa yule mwanamume. Baba akamwambia achukue na blanketi.

Siku mbili baadaye nami nikateremka Bungoma, nimevaa rinda la kanisani, tumboni chai na mayai mawili ya baraka za kamati. Tukaingizwa ukumbini. Nikakaa, nikanoa penseli, nikainua macho, na viti viwili mbele yangu nikaona kitambaa cha kichwa chenye maua ya njano. Kitambaa hicho nilikuwa nimekifua mwenyewe Ijumaa.

Senge akageuka nusu, akaweka kidole midomoni, akageuka tena.

Sikupata nafasi ya kukasirika. Karatasi ilikuwa imefika mezani kwangu, nikaifunua. Ulikuwa ni mtihani uleule. Sisemi uliofanana, nasema uleule. Chuo hakikujisumbua hata kuchapa upya. Swali la kwanza lilikuwa lile la kwanza, na ukurasa wa pili ulikuwa na doa lilelile la wino lenye umbo la sikio nililoliona mwaka uliotangulia.

Taja mito miwili inayoingia Ziwa Viktoria.

"Limechoka," nikasema. Lilinitoka lenyewe. Msimamizi akanyanyua kichwa, akaniuliza kama ninaumwa. Nikasema hapana, mwalimu.

Najua wapo watakaosema ningefurahi. Mtu anajua mtihani wote kwa moyo, anataka nini tena? Lakini nilijua maswali! Majibu sikujua hata moja jipya. Mito ilikuwa inaingia ziwani na mimi nimekesha na samaki. Yale niliyoyajibu mwaka jana niliyajibu vilevile, na yale niliyoyakosa yalinikodolea macho yaleyale. Kondoo hakuonekana popote. Mawingu hayakuonekana. Nikafika kwenye Hesabu, thelathini kamili, na pale katikati yuko mkulima wetu na vifaranga wake, na masikioni mwangu namsikia Kukhu, "Hamna utu?" Nikaandika arobaini. Sijui niliitoa wapi. Mbele yangu kile kitambaa cha njano hakikuinuka hata mara moja. Kalamu ya Senge ilikuwa inatembea tu.

Nje nilimvamia. "Senge! Si ulisema Webuye?"

"Webuye iko njiani. Nimepita."

"Na sufuria?"

"Zimekataa kuja."

Akanunua ndizi mbivu pale langoni, akanipa mbili, tukala tumesimama. Sikumwuliza kitu kingine. Nilikuwa naogopa atanijibu.

Nyumbani kamati ilikuwa imeshakaa. Baba akauliza, "Maswali yalikuwa mapya?" Nilimtazama, amevaa koti lake la Jumapili siku ya kazi, nikasema, "Ndiyo, Baba. Mapya." Mjomba akapiga paja. Senge, ambaye aliingia saa moja baada yangu na hadithi ya sufuria, alifungua daftari akaliandika hilo neno kwa neno: "Mapya."

Mwisho wa Februari Baba alirudi kutoka posta ya Kitale na bahasha mbili. Kila mtu kwetu alijua sheria ya bahasha: nyembamba ni pole, nene ni karibu, kwa maana ndani yake kuna orodha ya shuka, ndoo na jembe la kwenda nalo. Baba alishika ile nene juu kama mtu aliyepata kombe. Akasoma jina la ukoo kwa sauti, Mama akapiga kigelegele, Kukhu akaanza wimbo. Halafu akasoma jina la mbele. Akalisoma tena polepole, akiliegemeza kwenye mwanga. Lilikuwa jina la Senge.

Ile nyembamba akanipa mimi bila kuniangalia.

Nililia, jamani. Nililia kwa sauti, mtu mzima, nimekaa juu ya gunia. Mjomba, ambaye alikuwa na kipawa cha kutoona watu, alisimama akatoa hoja kwamba kamati ipongezwe, maana lengo lilikuwa kupeleka mtu chuoni, na mtu anakwenda chuoni. Baba akamwambia akae chini. Ilikuwa mara ya kwanza namsikia Baba akimwambia shemeji yake akae chini.

Senge hakujitetea. Alimwendea Kukhu, akachutama mbele yake, akasema, "Sitini, Mama. Walibaki sitini."

"Sitini?"

"Robo ni sitini, wale wa ugonjwa. Wakabaki mia moja na themanini. Akauza mia moja na ishirini."

Kukhu akashusha pumzi. "Mungu asifiwe," akasema. "Sitini anaanza upya nao."

Siku ya kuondoka Senge alinipa lile daftari. Sikutaka hata kuligusa. Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika, la upole zaidi kati yake likiwa mwizi. Alinisikiliza mpaka nikaishiwa, kisha akaligeuza daftari, akalifungua kutoka nyuma. Majibu yote yalikuwa pale. Maswali yote yaliyochoka, moja baada ya jingine, yamejibiwa kwa ule mwandiko wake, na Hesabu zote thelathini zimefanywa, zimekosewa, zimefutwa, zimefanywa tena.

"Nilitaka tu kujua tunakimbia nini," akasema. "Halafu nikaona naweza. Daftari lilikuwa mezani kila Jumapili. Ulikuwa unalitia sahihi."

Akabeba ndoo yake akaenda.

Mvua zikaja mapema mwaka huo. Jumamosi moja tulikuwa shambani mimi na Baba, yeye anachimba mashimo, mimi nadondosha mbegu na mbolea. Jumatatu nilikuwa nakwenda Tongaren, kinuni. Sanduku lilikuwa limefungwa. Nikadondosha mbegu, nikadondosha, halafu nikaiangalia ile mbegu kiganjani mwangu.

"Baba, hapa mwaka jana tulipanda nini?"

"Mahindi."

"Na mwaka juzi?"

"Mahindi."

"Na ule mwingine?"

"Wewe si ulikula? Mahindi, bana."

Nikaitupa mbegu chini. Nilimpigia Baba kelele, kitu ambacho sijawahi kufanya tena tangu siku hiyo. Nilimwuliza shamba lake haliwezi kuchoka ila mtihani wangu ndio unachoka? Tangu apewe ardhi hii amepanda kingine lini? Alizeti iko wapi? Iko wapi alizeti, Baba?

Aliegemea jembe. Nilingoja aniambie nichunge mdomo.

"Mimi yale ya kubadilisha sikuyaelewa," akasema. "Yule kijana alikuja na kalamu mfukoni, na ile karatasi ya rangi. Nikaona haya ni maneno ya watu wa vitabu, shamba langu ni la jembe, hayanifai. Nikayatundika tu. Ulipoanguka nikasema, mtihani nao ni wa watu wa vitabu. Labda huko ndiko yanafaa." Akakwangua udongo kwenye jembe kwa kidole gumba. "Sikuwa na kitu kingine cha kukupa."

Hasira ikaniponyoka, nikaitafuta nisiipate. Niliinama nikaanza kuokota zile mbegu, moja moja, na Baba naye akachutama kunisaidia.

"Hiyo hesabu," akaniuliza, "kwani ni ngumu kiasi gani?"

"Sijui, Baba," nikamwambia. "Sikuisoma."